Lango Kuu la Kusini na Walinzi Wake: Mhadhara Kuhusu Hekalu la Todai-ji



Nitazungumzia lango moja na sanamu mbili. Lango ni Nandaimon, yaani Lango Kuu la Kusini la hekalu la Kibudha la Todai-ji, katika mji wa Nara nchini Japani. Sanamu ni za walinzi wawili wa lango hilo, wanaoitwa Nio, kila mmoja akiwa na urefu wa karibu mita 8.4. Lango lilisimamishwa mwaka 1199. Sanamu zilichongwa mwaka 1203. Leo zimepita zaidi ya karne nane, na lango lingali pale pale, na walinzi wangali ndani yake.

Mara nyingi mambo haya mawili hugawanywa. Wasanifu majengo huandika habari za lango, wanahistoria wa sanaa huandika habari za sanamu, na kila upande hutaja wa pili kwa kupita. Mimi nasema kwamba lango na sanamu ni kazi moja, iliyozaliwa na fikra moja ya ufundi: kitu kikubwa kijengwe kwa vipande vingi vilivyopimwa vyema, vinavyoungana kwa nguvu, na vinavyoweza kufunguliwa siku ya matengenezo. Fikra hiyo iliwawezesha watu waliopoteza kila kitu kwa moto kujenga upya kwa haraka. Hiyo hiyo ndiyo iliyotufikishia kazi yao.

Hekalu lililozaliwa na msiba

Todai-ji lilianzishwa katika karne ya 8, wakati Nara ilipokuwa mji mkuu wa Japani. Kati ya mwaka 735 na 737 ugonjwa wa ndui uliikumba nchi. Vijiji vilibaki bila wakulima. Hata katika baraza la mfalme, ndugu wanne wa ukoo wa Fujiwara, waliokuwa wameshika hatamu za serikali, walifariki wote mwaka 737. Mfalme Shomu akatafuta kinga katika dini. Mwaka 741 aliamuru kila mkoa ujenge hekalu la kuiombea nchi, na mwaka 743 akatangaza azma ya kusubu sanamu kubwa ya shaba ya Budha Vairocana. Todai-ji likawa mama wa mahekalu yote ya mikoa.

Sanamu hiyo, yenye urefu wa karibu mita 15 ikiwa imekaa, ilizinduliwa mwaka 752. Aliyeshika brashi kuchora mboni za macho yake alikuwa Bodhisena, mtawa aliyetoka India. Jumba lililoifunika lilikuwa na upana wa karibu mita 86.

Tangu mwanzo basi, ulinzi ulikuwa ndiyo kazi ya hekalu hili. Lilijengwa kuilinda nchi, na lenyewe likapewa walinzi wake.

Walinzi walikotoka

Asili ya Nio ni India. Katika michongo ya kale ya huko anaonekana Vajrapani, mfuasi mwenye nguvu anayeandamana na Budha akiwa ameshika vajra, silaha inayowakilisha radi na ugumu wa almasi. Katika eneo la Gandhara, ambalo leo ni sehemu ya Pakistan na Afghanistan, wachongaji waliokuwa wamepokea sanaa ya Kigiriki walimpa Vajrapani mwili wa Heracles, shujaa wa Wagiriki: kifua kipana, ndevu, misuli iliyotuna. Kutoka hapo alisafiri na watawa na wafanyabiashara kupitia Asia ya Kati hadi China, na njiani akawa wawili, mmoja kila upande wa mlango.

Katika mapango ya Longmen nchini China, walinzi wa pango la Fengxian, lililokamilika mwaka 675, wamesimama wakiwa na vifua wazi na nyuso za ukali. Huko Korea, katika pango la Seokguram la karne ya 8, jozi kama hiyo imechongwa katika jiwe la matale kwenye njia ya kuingilia. Nchini Japani jozi kongwe iliyobaki ipo katika lango la kati la hekalu la Horyu-ji, nayo ni ya mwaka 711. Ilifinyangwa kwa udongo, ingawa baadaye sehemu ya mwili wa mmoja ilibidi irudishwe kwa mbao. Upepo na mvua havina huruma kwa udongo unaosimama mlangoni.

Walinzi hawa hutambulika kwa vinywa. Mmoja, Agyo, amefumbua kinywa. Mwenzake, Ungyo, amekifumba. Wabudha hufundisha kwamba wa kwanza anatamka sauti inayofungua alfabeti ya Kisanskriti, na wa pili sauti inayoifunga, hivyo kati yao umo mwanzo na mwisho wa mambo yote. Anayepita langoni hupita katikati ya mwanzo na mwisho huo.

Moto wa 1180 na mzee wa miaka 61

Mwaka 1180, katika vita vya koo za Taira na Minamoto, jeshi la Taira no Shigehira liliishambulia Nara na kuitia moto. Jumba kuu la Todai-ji liliteketea. Sanamu ya shaba iliharibika, kichwa na mikono vikaanguka. Watu wengi waliokimbilia ndani ya jumba kutafuta hifadhi walifia humo.

Mwaka uliofuata kazi ya kujenga upya alikabidhiwa mtawa Chogen, aliyekuwa na umri wa miaka 61. Hakuwa mtu wa kukaa barazani na kutoa amri. Alizunguka nchi nzima akichangisha fedha. Mwenyewe alisema kwamba alikuwa amekwenda China mara tatu, na huko aliona majengo ya enzi ya Song. Alimwajiri Chen Heqing, fundi Mchina, aongoze kazi ya kusubu upya sehemu za sanamu zilizoharibika. Mwaka 1185 Mfalme mstaafu Go-Shirakawa alipanda na kuchora mboni za macho kwa mkono wake. Mwaka 1195 jumba jipya lilizinduliwa, na Minamoto no Yoritomo, mtawala wa kijeshi aliyeushinda ukoo wa Taira, alihudhuria.

Tatizo kubwa la Chogen lilikuwa mbao. Misitu ya karibu na Nara ilikuwa imekatwa kwa karne kadhaa kujengea miji na mahekalu. Magogo yenye unene wa kutosha yalipatikana mkoa wa Suo, sehemu ya Yamaguchi ya leo, magharibi ya mbali ya kisiwa cha Honshu. Mwaka 1186 mapato ya mkoa huo yalielekezwa kwenye ujenzi. Magogo yaliteremshwa kwa mto Saba, na penye maji haba mafundi walijenga vizuizi ili kina kipande na gogo lielee. Kutoka hapo yalivutwa baharini kupitia Bahari ya Ndani ya Seto, yakapandishwa mito ya Yodo na Kizu, kisha yakakokotwa nchi kavu hadi Nara.

Mtu aliyelipata gogo kwa taabu ya namna hiyo hawezi kulichezea. Ni lazima ajiulize namna ya kujenga jengo kubwa na imara kwa mbao chache na kwa muda mfupi. Jibu la Chogen ndilo lango la Nandaimon.

Lango lilivyojengwa

Lango la kwanza la kusini lilikuwa limeangushwa na tufani mwaka 962, karne mbili kabla ya ule moto. Chogen alilisimamisha upya mwaka 1199. Lina urefu wa zaidi ya mita 25, na limebebwa na nguzo 18, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 21 na kipenyo cha karibu mita moja.

Ukilitazama kwa nje unaona mapaa mawili, moja juu ya jingine, ukadhani ni jengo la ghorofa. Ingia, uinue macho. Hakuna sakafu ya pili wala dari. Nguzo zinapanda moja kwa moja kutoka jiwe la msingi hadi chini ya paa la juu, na kila boriti iko wazi mbele ya macho yako. Katika majengo mengi ya mahekalu ya Kijapani mifupa ya paa hufichwa juu ya dari. Hapa mifupa ndiyo pambo lenyewe.

Fundi seremala ataona jambo jingine. Katika ujenzi wa zamani wa Kijapani, nguzo nzito ilisimama kwa uzito wake, na boriti zililazwa juu ya kichwa chake. Katika Nandaimon, boriti za kufungia zinapenya ndani ya nguzo na kutokea upande wa pili, kisha zinakazwa kwa kabari. Nguzo zote zimeshonwa pamoja kwa urefu na kwa mapana. Tetemeko likija, au upepo mkali, maungio hayo husogea kidogo, mbao husuguana na mbao, na nguvu ya mtikisiko hupungua kabla haijavunja kitu. Japani ni nchi ya matetemeko na tufani, na lango hili limeyapitia yote kwa karne nane.

Vivyo hivyo mikono inayobeba ukingo wa paa. Mahali pengine hukaa juu ya nguzo. Hapa imechomekwa katika mwili wa nguzo, tabaka sita moja juu ya jingine, kila moja ikijitokeza zaidi ya ile iliyo chini yake, mpaka ukingo mzito wa paa unaning'inia mbali na nguzo bila kuyumba.

Siri nyingine ni vipimo. Chogen na mafundi wake walipunguza aina za mbao. Mbao za unene uleule zilitumika kwa kazi nyingi tofauti. Seremala asiye bingwa aliweza kukabidhiwa kipimo kimoja akakirudia siku nzima, na kipande chake kikaingia mahali pake bila kurekebishwa. Mtindo huu Wajapani huuita Daibutsuyo, yaani mtindo wa Budha Mkuu. Baada ya Chogen kufariki mwaka 1206 ulipoteza wafuasi, kwa kuwa wengi waliona umekosa ulaini waliouzoea. Majengo yake yaliyobaki kamili ni machache sana, na mashuhuri zaidi baada ya Nandaimon ni jumba la Amida katika hekalu la Jodo-ji, mji wa Ono, mkoa wa Hyogo.

Sanamu zilivyochongwa

Sasa tuwageukie walinzi. Kazi ilikabidhiwa karakana ya Kei, wachongaji wa Nara walioongozwa na Unkei, mwana wa Kokei. Walianza mwezi wa saba wa mwaka 1203 kwa kalenda ya zamani, na mwezi wa kumi sanamu zote mbili zilikuwa zimesimama na kuzinduliwa. Ilichukua siku 69.

Ziliwezekanaje sanamu mbili za mita nane kuchongwa kwa siku 69? Kwa ufundi uitwao yosegi, yaani kuunganisha vipande. Hakuna mti unaotosha kutoa jitu la namna ile kwa gogo moja, na hata ungepatikana, mbao nene kiasi hicho hupasuka inapokauka. Karakana iligawa mwili katika vipande vya mti wa hinoki, jamii ya saiprasi. Kila sanamu ina vipande karibu 3,000. Mkono ulichongwa na kundi moja, mguu na kundi jingine, kitambaa kinachopeperuka na kundi la tatu, wote kwa wakati mmoja. Kisha vipande vikaunganishwa, vikafungwa, vikapakwa rangi.

Hapa ndipo lango na sanamu vinapokutana. Seremala wa Chogen alipimiwa mbao, akaikata, akaipeleka ikachomekwa. Mchongaji wa Unkei alipimiwa kipande, akakichonga, akakipeleka kikaunganishwa. Mbao za lango na mbao za sanamu zilitoka katika misitu ile ile ya Suo. Msimamizi wa kazi yote alikuwa mmoja, Chogen. Hatuna sababu ya kuona ajabu kwamba fikra ilikuwa moja.

Lakini ugawaji wa kazi haukuifanya sanamu ipoteze uhai. Mtazame Agyo: uzito wote umelemea upande mmoja, nyonga imetoka, mishipa ya shingo imevimba, kitambaa kimepigwa na upepo usioonekana. Ungyo amebana taya, na nguvu yote imejikusanya kifuani. Mmoja anaitoa nguvu, mwenzake anaizuia.

Na hazikuchongwa zionekane uso kwa uso. Anayezitazama yuko chini, ameinua shingo. Mchongaji akifuata vipimo vya kawaida vya mwili, kichwa kitaonekana kidogo na kiwiliwili kitaonekana kifupi. Uchunguzi wa sanamu umeonyesha kwamba wachongaji walifanya marekebisho baada ya kuziunganisha: kitovu kilihamishwa, na macho yakabadilishwa ili yamkute mtu aliye chini. Ni kana kwamba Unkei alisimama mahali pa mpita njia, akatazama, akaagiza kazi irudiwe hata muda ulipokuwa mfupi.

Mpangilio wenyewe nao si wa kawaida. Katika mahekalu mengi Nio wawili huelekea nje, wakimkabili mgeni anayekuja. Katika Nandaimon wanatazamana. Anayekuja kutoka kusini haoni nyuso zao mpaka aingie katikati ya nguzo, na hapo anajikuta baina ya macho mawili. Mpangilio huo unahitaji lango lenye kina, lisilo na sakafu ya juu, lenye nafasi ya jitu la mita nane kusimama wima pembeni ya njia. Kungekuwa na dari ya kawaida, walinzi hawa wasingepata pa kusimama. Lango liliwapa kimo, nao wakalipa lango maana.

Yaliyofichwa ndani

Mwaka 1988 mafundi wa Japani walianza kuzifungua sanamu kwa matengenezo makubwa, na kazi iliendelea mpaka 1993. Jitu lenye uzito wa tani kadhaa lilishushwa, likafunguliwa kipande kwa kipande, likatibiwa na kuunganishwa upya. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu lilijengwa likiwa na maungio tangu mwanzo.

Ndani walikuta maandiko, yakiwemo sutra, yaani andiko takatifu la Kibudha, iliyowekwa mwilini mwa Ungyo, yakiwa na tarehe na majina. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wakibishana ni nani aliyechonga ipi, na wengi walimpa mchongaji Kaikei ile ya Agyo na Unkei ile ya Ungyo. Maandiko yakaamua: Agyo ni kazi ya Unkei pamoja na Kaikei, na Ungyo ni kazi ya mchongaji Jokaku pamoja na Tankei, mwana wa Unkei. Nyuma yao walikuwepo wachongaji wasaidizi zaidi ya kumi kwa kila sanamu, na Unkei alikuwa kiongozi wa kazi nzima.

Jambo hili lina uzito. Mahali pengi duniani tunajua jina la mfalme aliyeamuru jengo lijengwe, na hatujui jina hata moja la aliyeshika patasi. Karakana ya Kei iliandika, ikaweka maandishi mahali ambapo angeyafikia mtu mmoja tu: fundi atakayekuja siku moja kutengeneza. Walijua kwamba sanamu itachakaa, na kwamba itahitaji mtu wa kuifungua.

Walinzi wengine wa Todai-ji

Upande wa kaskazini wa Nandaimon wamekaa simba wawili wa mawe, waliochongwa mwaka 1196 na mafundi kutoka China. Katika ukumbi wa Kaidan wamo Wafalme Wanne wa Mbinguni, wa udongo, kazi ya karne ya 8. Kila mmoja analinda upande mmoja wa dunia na kukanyaga pepo mbaya. Wa magharibi, Komokuten, hakushika upanga. Ameshika brashi na hati ya kukunja, na jicho lake lililofinywa linatazama mbali. Aliyemfinyanga aliamini kwamba kuona na kuandika nako ni kulinda.

Katika jumba la Hokkedo yupo Shukongojin, mlinzi wa udongo anayefichwa nyuma ya sanamu kuu na kufunguliwa kwa watu siku moja tu kwa mwaka, Desemba 16. Kwa kuwa amekaa gizani karne baada ya karne, rangi na dhahabu ya mavazi yake bado vinaonekana. Udongo wake ulihifadhiwa kwa kufichwa. Nio wa langoni hawakuwa na kinga hiyo. Wao walihitaji maungio na mafundi.

Jumba la 1709

Mwaka 1567 vita vilirudi, na jumba kuu la Chogen likaungua. Nandaimon lilisalimika. Zaidi ya miaka mia moja sanamu ya shaba ilikaa bila jumba la kufaa, mpaka mtawa Kokei, asichanganywe na Kokei baba wa Unkei, alipopita nchini kuchangisha kama Chogen alivyofanya. Jumba la sasa lilikamilika mwaka 1709. Upana wake ni mita 57, pungufu sana ya lile la kwanza, kwa kuwa fedha na mbao havikutosha. Miti minene ya nguzo haikupatikana tena, hivyo kila nguzo iliundwa kwa vipande vilivyozungushwa na kufungwa kwa pete za chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 paa lilianza kulemewa, na mafundi wakaingiza kenchi za feleji zilizoletwa kutoka Uingereza. Hata hivyo, jumba hilo bado ni miongoni mwa majengo makubwa zaidi ya mbao duniani, na mwaka 1998 Todai-ji liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na maeneo mengine ya Nara ya kale.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, Nio hawa waliwekwa wazuie uovu usiingie. Lakini nilichojifunza kwao ni kwamba mlinzi naye hulindwa. Wamelindwa na seremala aliyepitisha boriti ndani ya nguzo badala ya kuilaza juu yake. Wamelindwa na mchongaji aliyekubali kazi yake iwe vipande ili iweze kutengenezwa. Wamelindwa na karani aliyeandika majina ya wote, wakubwa na wasaidizi. Na wamelindwa na kizazi kilichotenga miaka mitano kuzifungua sanamu mbili badala ya kungoja zianguke.

Kwenu wanafunzi wa usanifu, nawaomba mkichora jengo mjiulize atakayelitengeneza baada ya miaka mia moja atalifungulia wapi. Kwenu wenye mamlaka juu ya majengo ya kale, msingoje ukuta upasuke ndipo mumtafute fundi, kwani fundi asiyepewa kazi harithishi ufundi. Na sote tuandike majina ya mafundi wetu wangali hai. Kazi isiyo na jina la aliyeifanya ni vigumu kuitengeneza, na ni rahisi kuiacha ibomoke.